Shule ya Kimataifa Ujerumani: Uliza Cheti Kabla Hujasaini

Ndugu zangu mlio huku Ujerumani na watoto, na ninyi mnaojiandaa kuja na familia, naandika haya nikiwa bado na uchungu. Kama mkataba wa shule ya kimataifa uko mezani kwako, usiusaini leo. Uliza kwanza: mwanangu akimaliza Darasa la Kumi hapa atapata cheti gani, na anakitoa nani?

Kwetu hatujazoea kuuliza hivyo. Nyumbani shule ya binafsi ikishapata usajili wa wizara, mtoto anakaa mtihani uleule wa NECTA anaoukaa mwenzake wa shule ya kata, na Kenya ni hivyo hivyo kwa KNEC. Ada inalipia bweni, maabara na Kiingereza, lakini cheti ni kilekile. Kwa hiyo mzazi wa kwetu akifika Berlin akaona shule ya lugha tatu, yenye bustani ya mboga, elimu jumuishi na walimu wanaochuchumaa wakimsalimia mtoto, haimjii kuuliza habari za cheti. Anauliza ada tu.

Huku shule za binafsi zina madaraja. Ipo Ergänzungsschule, yaani shule ya nyongeza, ambayo cheti chake chenyewe hakihesabiwi kama cha serikali. Ipo Ersatzschule, inayosimama badala ya shule ya serikali. Mtego uko ndani ya hii ya pili, kwa sababu nyingine ni staatlich genehmigt na nyingine ni staatlich anerkannt. Ile genehmigt imeruhusiwa kufundisha, na mtoto akisoma pale ametimiza sheria ya kwenda shule. Ile anerkannt ndiyo yenye mamlaka ya kutahini na kutoa cheti chenye nguvu sawa na cha serikali. Shule inaweza kufundisha miaka mingi ikiwa na ruhusa hiyo ya genehmigt tu, na kwenye tovuti yake ikaandika kwa herufi kubwa kwamba serikali imeikubali. Haijadanganya. Rudia kusoma aya hii kama ni lazima, maana hapa ndipo tulipoumia.

Binti yangu aliingia shule ya namna hiyo Darasa la Saba. Sitaitaja, na haki yake nitaipa. Mtoto aliyekuwa amenyamaza kabisa katika shule ya serikali alianza kunyoosha mkono. Siku ya lugha alisimulia hadithi ya sungura na fisi kwa Kiswahili, darasa zima likamsikiliza. Ripoti zake zilikuwa kurasa na kurasa, zikieleza anavyosuluhisha ugomvi, anavyowasaidia wadogo, anavyovumilia jambo gumu. Alama hazikuwamo. Tuliambiwa mtoto hupimwa mzima: akili, mwili na moyo.

Mwaka wa mwisho ikaja barua. Mtihani wa serikali wa Darasa la Kumi, ule wanaouita MSA, wa cheti cha shule cha kiwango cha kati, ataufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Yaani atakwenda shule nyingine, mbele ya walimu ambao hawajawahi kumwona, na atafanya kwa Kijerumani wakati masomo yake mengi aliyasoma kwa Kiingereza. Ile miaka yote ya ripoti nzuri haikuongeza hata nusu alama. Kijerumani kikamwangusha.

Alitaka uuguzi. Sheria ya uuguzi ya huku inataka cheti hicho cha kati, au kingine kinacholingana nacho, kwa anayeingia moja kwa moja kutoka shuleni. Nilikwenda naye kwenye chuo. Mama wa mapokezi alifungua faili letu, akalamba kidole, akapindua ripoti ukurasa baada ya ukurasa akitafuta neno moja, Abschluss, yaani cheti cha kuhitimu. Hakuliona. Akafunga faili, akaturudishia kwa mikono miwili, akasema mtoto wenu anaonekana mwema sana. Nafasi ikaenda kwa mwingine, na binti akabaki kujiandaa kurudia mtihani.

Na ninyi shangazi na wajomba mlioko nyumbani, nawapenda, lakini zile sauti za WhatsApp za "mpeleke shule ya wazungu wenye hela" ziacheni. Kuna shule hapa zinapita euro 20,000 kwa mwaka, na ukubwa wa ada haukuambii lolote kuhusu cheti. Anayetoa hela ya ada ni yuleyule mnayemwomba ya mabati.

Nionavyo mimi, hawa Wajerumani wana upole mkubwa kwa mtoto mdogo. Wanamwacha acheze matopeni na kupanda miti, na huwaoni wakimkimbiza kusoma. Kisha akifika miaka kumi hivi, baada ya Darasa la Nne (Berlin na Brandenburg ni baada ya la Sita), wanamchambua na kumpeleka njia yake, na kutoka hapo kila mlango unataka karatasi. Shule hizi za malezi ya mtoto mzima zimeanzishwa na watu wanaochukia uchambuzi huo, na nawaunga mkono. Ila mjukuu wa profesa akikosa cheti, ukoo wake unajua pa kubisha hodi. Wetu hana pa kubisha.

Kuhusu elimu jumuishi, kama mtoto wako ana usonji au ulemavu, usitosheke na picha za kwenye kijitabu. Ujerumani iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, lakini shule ya binafsi bado inachagua inayemchukua. Msaidizi wa darasani, Schulbegleitung, huombwa na mzazi: Jugendamt, yaani ofisi ya ustawi wa watoto na vijana, kwa mtoto mwenye usonji au tatizo la afya ya akili, na ofisi ya Eingliederungshilfe, yaani msaada wa kuwajumuisha wenye ulemavu, kwa ulemavu wa mwili au wa akili. Omba mapema, kabla muhula haujafunguliwa. Soma pia kifungu kinachoiruhusu shule kuvunja mkataba "mahitaji yakizidi uwezo wake". Mama mmoja Mkenya ninayesali naye aliambiwa mtoto abaki nyumbani mpaka msaidizi apatikane, na ada ikaendelea kukatwa.

Wanaoelekea kwenye stashahada ya IB (International Baccalaureate, ya kimataifa ya kumaliza sekondari), jihadharini na mtego uleule kwa sura nyingine. Ili vyuo vikuu vya Ujerumani viikubali, masomo yapangwe kwa masharti ya KMK, baraza la mawaziri wa elimu wa majimbo yote 16. Hesabu au somo la sayansi liwe la kiwango cha juu, la sivyo milango mingine inafungwa. Hilo huamuliwa mwanzoni mwa Darasa la Kumi na Moja, kwa hiyo ukiuliza la Kumi na Mbili umechelewa.

Kabla ya kusaini, tuma barua pepe yenye swali hili kama lilivyo: Ist die Schule staatlich anerkannt, und wer nimmt die Prüfungen ab? (Yaani: je, shule ni anerkannt na serikali, na mitihani anaitahini nani?) Wakikujibu kwa simu, omba jibu kwa maandishi. Kisha uliza wizara ya elimu ya jimbo lako, kwa sababu kila jimbo lina sheria yake.

Mlioko Berlin, jaribuni kwanza shule za serikali za lugha mbili. Zile za Staatliche Europa-Schule zipo tangu 1992, na Nelson-Mandela-Schule ni ya serikali pia. Hazitozi ada ya masomo, ingawa nafasi zinagombaniwa.

Mengine ni mepesi. Ersatzschule hairuhusiwi na katiba kuwabagua watoto kwa kipato cha wazazi, basi omba ada ya kadiri ya mshahara wako. Kwenye kodi unaweza kudai asilimia 30 ya ada, isiyozidi euro 5,000 kwa mtoto kwa mwaka, chakula na malezi ya baada ya masomo vikitolewa, mradi shule inaandaa cheti kinachotambuliwa. Na ukitaka kumtoa mtoto, angalia tarehe ya mwisho ya kutoa notisi, tuma barua kwa rejista na utunze risiti ya posta.