Swali moja na kijiti cha mita moja: jinsi ninavyopanga mada ya uchunguzi inayounganisha masomo

Mara ya kwanza nilipotakiwa kuunganisha masomo, nilichagua "Wanyama". Wiki nzima tulihesabu wanyama katika hisabati, tukachora wanyama katika sanaa, tukaimba wanyama, na katika lugha kila mtoto akaandika insha ya mnyama ampendaye. Ukuta wa darasa ulipendeza. Ijumaa nikamuuliza mtoto mmoja aliyekaa karibu na dirisha, "Wiki hii umejifunza nini ambacho hukukijua?" Akafikiri kwa bidii, maskini, kisha akajibu, "Kuchora mkia wa farasi."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeyapaka masomo yote rangi moja nikadhani nimeyaunganisha. "Wanyama" si swali, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kutafuta. Siku hizi nachagua swali ambalo somo moja peke yake haliwezi kulijibu, kisha naliacha swali lenyewe liite masomo linayoyahitaji. Nitaonyesha kwa mada ya vivuli, ambayo nimeifundisha darasa la tano mara nne, na sitaficha pale ilipoharibika.

Fungua muhtasari kwanza

Najua hamu ya kuanza na wazo tamu. Izuie. Chukua karatasi moja, andika kila unachopaswa kufundisha katika wiki tatu zijazo, masomo yote, kisha zungushia duara vile vinavyoweza kukutana. Kwangu vilikutana vitatu: kupima urefu na kuchora grafu, mwanga pamoja na mzunguko wa dunia, na kuandika maelekezo yanayofuatana. Hivyo tu. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse mshika saba. Tahajia na sehemu za mwili zilibaki kwenye vipindi vyake vya kawaida, na hakuna aliyeumia.

Kama katika shule yako kila somo lina mwalimu wake, hapa ndipo pa kuketi pamoja. Msikubaliane juu ya "mada". Kubalianeni juu ya jedwali moja la vipimo ambalo wote mtalitumia. Mwalimu wa sayansi akilijaza, wa hisabati akilichorea grafu, na wa lugha akilitolea maelezo, mmeshaungana bila vikao vitano.

Swali lipite kwenye chujio

Kabla ya kulikubali swali najiuliza mambo matatu. Mtoto anaweza kuligusa, kuliona au kulipima ndani ya eneo la shule? Jibu lake halipatikani kwa kufungua kitabu na kunakili mstari mmoja? Na je, nikiondoa somo mojawapo, jibu linabaki na pengo?

"Jua ni nini?" lilianguka kwenye chujio la pili. "Nyota ziko mbali kiasi gani?" lilianguka kwenye la kwanza. "Kwa nini tutunze mazingira?" ndilo baya kuliko yote ingawa linasikika vizuri, kwa sababu mtoto anajua tayari unataka aseme nini, hachunguzi chochote, anakisia uso wa mwalimu. Lililopita ni hili: *Je, kivuli kinaweza kutuambia saa, na tukiamini kitatudanganya wapi?* Kile kipande cha mwisho niliongeza baadaye, na ndicho kilichobeba mada yote.

Fanya wewe kwanza

Hatua hii hairukwi. Siku mbili kabla ya kuandika andalio lolote, nilisimamisha kijiti cha mita 1 uwanjani na kupima kivuli chake mimi mwenyewe. Nikagundua kwamba uwanja una mteremko unaovuruga vipimo, kwamba alama za chaki hufutika wakati wa mapumziko, na kwamba kijiti kilichochomekwa karibu na wanaocheza mpira hakina maisha marefu. Mambo haya hayamo kwenye kitabu chochote cha mwalimu.

Nikagundua na jambo kubwa zaidi. Nilitarajia kivuli kifupi kabisa kije saa sita kamili mchana. Kilikuja saa sita na dakika 25. Nikadhani nimekosea, nikarudia kesho yake, kikaja dakika zilezile. Ilinibidi nikasome. Saa ya ukutani hufuata majira yaliyokubaliwa kwa eneo pana, wakati jua hufikia kilele chake kwa kila mahali kwa wakati wake: dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kila nyuzi 1 ya kuelekea mashariki au magharibi ni tofauti ya dakika 4. Juu ya hapo, njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, hivyo mchana wa jua (pale jua linapofika kileleni) hutangulia au huchelewa hadi kama dakika 16 kutegemea msimu. Kumbe kijiti hakikukosea, na saa haikukosea. Vinapima vitu viwili.

Kwa kosa nililodhani ni langu, nikawa nimepata kiini cha mada. Na historia, ambayo sikuwa nimeizungushia duara, ikaja mbio yenyewe.

Andika mwisho kabla ya mwanzo

Kupanga kuanzia mwisho ni njia iliyoenezwa na wataalamu wa elimu Grant Wiggins na Jay McTighe tangu 1998, na kwa mada za uchunguzi sijaona inayoizidi. Jiulize: siku ya mwisho mtoto atafanya nini, peke yake, kitakachonionyesha kwamba ameelewa? Ukikosa jibu, hujawa na mada bado.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa na vipande viwili. Kila kundi litengeneze saa ya kivuli na kuandika maelekezo ya kuitengeneza, halafu watoto wa darasa la chini yao wayafuate maelekezo hayo bila kuuliza neno. Hapa hupangi alama za insha kwa kubahatisha: maelekezo mabovu huonekana kwa macho, saa inaanguka. Kipande cha pili ni cha mtoto mmoja mmoja: aandike ukurasa mmoja kueleza kwa nini saa yake ya kivuli na saa ya ukutani hazikubaliani. Nilijifunza kwa uchungu kwamba kazi ya kundi huficha. Mara ya kwanza kundi moja lilitoa kazi nzuri ajabu, na nilipowahoji mmoja mmoja, wawili kati ya watano walijua. Wengine walikuwa wapiga rangi hodari.

Alama nazo nazitenga. Kipimo sahihi kwenye jedwali ni hisabati, ufafanuzi wa mwanga ni sayansi, mpangilio wa maelekezo ni lugha. Mtoto anayepima vizuri lakini anaandika kwa shida asipotelee ndani ya alama moja ya jumla.

Siku ya kufungua

Usitangaze mada. Saa tatu asubuhi niliwatoa nje wawili wawili, mmoja asimame na mwenzake achore kivuli chake kwa chaki, pamoja na alama za nyayo. Tukarudi ndani kusoma kitu kingine kabisa. Saa tano tukatoka tena: "Simama palepale ulipokuwa." Kelele zilizofuata ndizo mwanzo wa mada. (Onyo moja unalotoa kabla hata ya chaki: hakuna kulitazama jua moja kwa moja, hata kwa kufumba jicho moja.)

Kisha kusanya maswali. Andika yote ubaoni kama yalivyosemwa, usirekebishe, usijibu. Ninatumia jedwali ambalo mtaalamu wa elimu Donna Ogle alilitoa mwaka 1986, la tunachojua, tunachotaka kujua na tulichojifunza, ila safu ya kwanza nimeibadilisha jina kuwa "tunachodhani tunajua". Sababu ni kwamba watoto hujaza pale mambo kama "jua linaizunguka dunia" kwa herufi kubwa, na ukishaandika "tunajua" juu yake umelipiga muhuri.

Baadaye tunayapanga maswali katika mafungu: ya kupima, ya kusoma, na ya kuweka kando. Fungu la tatu lina heshima yake. Natundika karatasi yake ukutani. Swali "kivuli kina uzito?" limekaa pale muhula mzima, na waliolibishania zaidi ni wale wanaokaa kimya kwenye hisabati.

Katikati ndipo mada hufa

Wengi tunafikiri uchunguzi maana yake mwalimu anyamaze. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwamba mwanafunzi asiye na msingi, akiachwa bila mwongozo, huelemewa na hajifunzi. Makala yao iliwaudhi watu wengi wanaopenda kazi yangu hii. Mimi naona wana haki kuliko tunavyokiri. Mtoto hatagundua mwenyewe kwamba rula inaanzia kwenye alama ya sifuri na si kwenye ukingo wa mbao, na hata akigundua, ametumia siku nzima kwa jambo la dakika tano.

Kwa hiyo katika vipindi 15 vya mada, vinne nafundisha wazi kabisa, mbele ya ubao: kupima na kurudia kipimo, kuchora grafu ya mstari, kwa nini mwanga husafiri mnyoofu, na jinsi ya kuandika hatua moja katika sentensi moja. Ila sivitoi vyote mwanzoni. Kila kimoja kinakuja siku moja kabla hakijahitajika. Grafu niliifundisha baada ya watoto kukaa na vipimo 12 vya siku moja wasijue wavisomeje. Waliipokea kama mtu anavyopokea maji.

Kosa nililoliacha litokee makusudi lilikuwa la mlingoti wa bendera. Swali lilikuwa: tutajuaje urefu wake bila kuupanda? Saa tatu kijiti cha mita 1 kilikuwa na kivuli cha mita 1, na mlingoti kivuli cha mita 7; basi mlingoti una mita 7. Lakini kundi moja lilibishana juu ya nani ashike futikamba, likaupima mlingoti nusu saa baadaye, kivuli kikiwa kimefupika, likatumia kipimo kilekile cha kijiti cha saa tatu. Likapata mita 5 na nusu. Sikuwaambia wamekosea. Niliandika majibu yote ubaoni na kuuliza tu, "Je, mlingoti umefupika?" Ilichukua kipindi kizima, na msichana wa kundi lilelile ndiye aliyesema kwamba vivuli viwili lazima vipimwe kwa wakati mmoja. Uwiano ambao ningeufundisha kwa wiki moja aliueleza kwa sentensi moja.

Siku ya kivuli kifupi tulipima kila baada ya dakika 5, kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba. Walipoona dakika 25, darasa liligawanyika: nusu walitaka kufuta vipimo vyao vikubaliane na saa. Usiwaruhusu. Hapo ndipo niliwapa Eratosthenes, msomi wa Kigiriki wa kale, ambaye yapata mwaka 240 KK alilinganisha kivuli cha mchana cha Alexandria, Misri, na kutokuwepo kwa kivuli Syene, mji wa kusini mwa Misri, akaona tofauti ni sehemu moja ya hamsini ya duara, akakadiria mzingo wa dunia nzima kwa kuzidisha umbali wa miji hiyo mara 50. Nikawapa pia mkutano wa Washington wa Oktoba 1884 uliochagua Greenwich, Uingereza, kuwa mstari wa kuhesabia longitudo na saa, baada ya karne nyingi za kila mji kufuata jua lake. Simulizi hizi zingetolewa wiki ya kwanza zingekuwa hadithi tu. Wiki ya pili zilikuwa jibu.

Ratiba na mawingu

Panga wiki tatu, acha siku tatu tupu. Mara ya pili nilipoifundisha mada hii, mawingu yalikaa siku nne mfululizo na mimi sikuwa na andalio la akiba. Sasa nina kurunzi na tufe la mpira ndani ya sanduku: ukipachika njiti ndogo kwenye tufe na kulizungusha mbele ya kurunzi, siku ya mawingu inakuwa siku ya kueleza kwa nini kivuli kinahama. Kwa darasa kubwa, makundi ya watoto watano yanatosha, kila mmoja na kazi yake: mshika kijiti, mpimaji, mwandishi, mtunza saa, na mkaguzi anayepima upya. Kazi zizunguke kila siku, la sivyo mwenye sauti kubwa atakuwa mpimaji hadi siku ya mwisho.

Mwaka wa kwanza nilikuwa na wimbo wa kivuli pia. Nimeuondoa. Haukusaidia kujibu chochote.

Baada ya kila kipindi naandika mistari miwili pembezoni mwa andalio: walikwama wapi, na nani aliuliza nini. Swali la mada iliyofuata lilitoka pembezoni humo, kwa mvulana aliyetaka kujua kama kivuli cha mchana kitakuwa na urefu uleule mwezi ujao. Tulipigilia msumari kwenye ubao, tukachora mstari wa siku ile na kuandika tarehe. Mistari sasa ni saba, na mvulana huyo ndiye anayekuja kunikumbusha kila tarehe ikifika.