Kutoka Teruel hadi baharini kwa baiskeli, mbali na magari: hatua kwa hatua

Oktoba iliyopita binamu yangu anayeishi Hamburg alinipigia simu. Ana siku nne za likizo, ana baiskeli, na amechoka kupigiwa honi. Nikamwambia aje kwangu Valencia, Hispania, nimpeleke kwenye reli isiyo na treni. Hapa chini ni yale niliyomweleza, pamoja na lile nililosahau kumweleza, likatugharimu alasiri nzima.

Reli yenyewe inaitwa Ojos Negros. Kampuni ya madini ya Sierra Menera iliijenga kubeba mawe ya chuma kutoka migodi ya mkoa wa Teruel hadi bandari ya Sagunto, umbali wa kilomita kama 200. Treni zilianza 1907, zikanyamaza 1972. Vyuma vikang'olewa, njia ikabaki. Tangu 1993 Hispania ina mpango wa kugeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na waenda kwa miguu. Wanaziita Vías Verdes, njia za kijani, na kwa nchi nzima zimeshapita kilomita 3,000. Ojos Negros inahesabiwa kuwa ndefu kuliko zote, inakaribia kilomita 160. Njia iliyochongwa kwa ajili ya garimoshi lenye shehena ya chuma haiwezi kuwa na kilima cha kukutoa roho, kwa hiyo mwinuko unacheza kwenye asilimia mbili au tatu. Magari nayo yamehamia barabara kuu ya A-23, hata vibarabara unavyokatiza vimelala usingizi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Nenda Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Agosti jua linakausha mate mdomoni. Wakati wa baridi usijaribu kabisa. Calamocha, mji wa mkoa huohuo wa Teruel, ulipimwa nyuzi 30 chini ya sifuri Desemba 1963, na ukanda ule bado unaendelea kujivunia sifa hiyo.

Hatua ya 2: Fika Teruel

Anzia Teruel uteremke baharini. Wapo wanaopanda kutoka Sagunto kwenda Teruel, nawaheshimu, ila siwaelewi. Teruel iko mita zaidi ya 900 juu ya bahari na Sagunto iko karibu usawa wa bahari. Hesabu mwenyewe.

Kutoka Valencia panda treni ya kawaida ya mikoani, si ile ya kasi. Kwenye treni za mikoani baiskeli inaingia nzima, lakini nafasi zake ni chache, hivyo omba nafasi ya baiskeli pale pale unapokata tiketi yako. Usingoje ufike stesheni. Treni za masafa marefu zinataka baiskeli iliyofunguliwa, ndani ya mfuko usiozidi sentimita 120 kwa 90 kwa 40. Tena uliza kama reli haiko kwenye matengenezo siku hiyo. Ikiwa inatengenezwa utaletewa basi, na dereva wa basi ataitazama baiskeli yako kama umemletea ng'ombe.

Hatua ya 3: Matairi (soma hii mara mbili)

Wengine watakuambia ununue baiskeli ya kaboni, nguo za kubana na saa ya kupima mapigo ya moyo. Hayo ni mapenzi yako. Mimi natumia baiskeli ya chuma ya miaka mingi, keria nyuma, mifuko miwili, basi. Begi la mgongoni acha nyumbani, mgongo wako utakushukuru. Jambo pekee nisilokubali mjadala ni matairi. Yawe na upana wa milimita 40 au zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya njia ni udongo ulioshindiliwa na kokoto, lami ipo hapa na pale tu. Na yawe tayari kwa mbigili.

Ndiyo, mbigili. Ile ile tuliyokanyaga utotoni tukirudi shuleni peku, yenye miiba inayosimama upande wowote ianguke vipi. Mimea hii iko pande zote za Mediterania, Wahispania huiita *abrojo*, na mwishoni mwa kiangazi inakauka na kumwaga mbegu zake pembeni mwa njia. Katikati ya njia uko salama. Ukitoka ukaingia kwenye nyasi kavu, umekwisha.

Sisi tulitoka. Tulikuwa chini ya Soneja, siku ya pili, tukaona mzeituni wenye kivuli kizuri. Tukasukuma baiskeli nyasini na kukaa kula. Sijamaliza hata nusu ya mkate nikasikia *sssss*, halafu nyingine. Kwenye matairi ya binamu, membamba ya mjini, tulihesabu mbigili kumi na moja. Yangu yalikuwa na tisa. Tofauti ni kwamba mimi situmii tyubu: matairi yangu yana maji ya mpira ndani yanayoziba tundu lenyewe. Niking'oa mwiba nazungusha gurudumu ili tundu liwe chini, linatema povu kidogo, linanyamaza. Dakika kumi nilikuwa nimemaliza zote tisa. Maji hayo hukauka baada ya miezi michache, kwa hiyo yaongeze kabla ya safari. Ukiyatikisa husikii kitu, ujue hayapo.

Binamu alikuwa na tyubu mbili, zote zimetobolewa, na ya akiba moja. Alikuwa pia na pakiti ya viraka na gundi aliyoifungua mwaka uliotangulia. Hapo ndipo alasiri yetu ilipopotelea. Gundi ya viraka ikishafunguliwa mara moja hukauka ndani ya tyubu yake hata ukikaza kizibo kwa koleo. Tuliiminya ikatoka hewa tu. Tulisukuma baiskeli hadi kijijini, tukafika saa tisa na nusu alasiri, na duka la vifaa limefungwa mpaka saa kumi na moja. Tukakaa barazani mwa duka na paka wao.

Kwa hiyo, kama bado unatumia tyubu, fanya hivi. Beba gundi mpya ambayo haijafunguliwa, na tyubu mbili za akiba. Pancha ikitokea, usitoe mwiba kabla hujaweka alama mahali pake kwenye tairi. Toa tyubu, ijaze upepo, uizamishe majini utafute mapovu. Fundi wa nyumbani ana karai. Huku utatumia birika la chemchemi ya kijiji, ila kwanza ngoja bibi aliyekuja kuchota maji amalize na umsalimie. Kwangua kwa msasa sehemu iliyo pana kuliko kiraka. Paka gundi nyembamba, kisha *usibandike*. Subiri dakika tano mpaka ukiigusa kwa kucha hainati tena. Watu wengi hubandika ikiwa mbichi, kiraka kinateleza, wanalaumu kiraka. Ukishabandika, kandamiza kwa mgongo wa kijiko.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi lote. Usipitishe kidole, utachomwa. Kitambaa kitanasa kwenye kila ncha ya mwiba iliyobaki. Binamu alikiruka kipande hiki kwa sababu ya haraka, na baada ya kilomita mbili tulikuwa chini tena, mwiba wa kumi na mbili.

Pampu iwe ya mkono. Vile vichupa vya gesi ni vizuri kwa watu wenye pancha moja.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Teruel hadi Barracas

Kilomita sitini hivi. Ukitoka stesheni Teruel utaona ngazi kubwa za matofali zikipanda mjini. Acha baiskeli chini na mwenzako, panda ukaone minara ya Kimudejari, kazi ya mafundi Waislamu waliobaki chini ya utawala wa Wakristo. Matofali na vigae vya kijani na vyeupe vimepangwa kwa namna ambayo mtu aliyeona milango ya Zanzibar hatahitaji kuelezwa.

Kisha panda taratibu hadi Puerto Escandón, kwenye mita 1,200 na ushee. Huo ndio mpando pekee wa maana katika safari nzima, na hauna makali, unachosha tu kwa kutokwisha. Baada ya hapo ni La Puebla de Valverde, Sarrión, daraja refu la Albentosa, halafu uwanda wa Barracas wenye mitambo ya upepo. Lala Barracas. Weka nafasi mapema, vyumba si vingi.

Hatua ya 5: Maji na chakula

Maji jaza kila unapopita kijiji, hasa siku ya kwanza. Kibao kikisema *no potable*, usinywe.

Saa za kula ndizo zitakazokusumbua. Chakula cha mchana kinaanza saa nane, cha usiku si kabla ya saa tatu. Maduka nayo mchana yamefungwa mpaka kama saa kumi na moja, na Jumapili ndiyo kabisa. Suluhisho ni mlo wa saa nne asubuhi, ambao watu wa Valencia wanauheshimu kama ibada: mkate mrefu uliojazwa, zeituni, karanga, kinywaji, kahawa. Kwa asiyekula nguruwe, agiza mkate wa *tortilla de patatas*. Ni viazi na mayai. Binamu alipoumega akacheka, "Hii si chipsi mayai?" Ndiyo, ila bila pilipili. Maharage na supu uliza kwanza, kwa sababu Teruel ni nchi ya paja la nguruwe na huwa linapenyezwa mpaka kwenye dengu.

Hatua ya 6: Siku ya pili, mteremko

Ondoka mapema. Mchana upepo wa baharini hupanda bonde la mto Palancia na kukupiga usoni, utapiga pedali hata kwenye mteremko. Sisi wa Tanga tuliokua tukihesabu kusi na kaskazi hatuna kisingizio cha kusahau hili, nami nimesahau mara mbili.

Washa taa kabla ya kuingia kwenye handaki na uvue miwani ya jua. Navajas ina maporomoko ya maji, Salto de la Novia, yanastahili nusu saa. Segorbe ina chemchemi ya mabomba 50, kila bomba na ngao ya mkoa mmoja wa Hispania. Jaza chupa kwenye mkoa uupendao.

Kuanzia Algimia de Alfara kushuka Sagunto mimi hufuata ramani niliyoihifadhi kwenye simu, maana unaingia kwenye vijia vya mashamba ya michungwa na vibao si vya kutegemea.

Hatua ya 7: Kurudi

Sagunto kuna treni za mjini za kwenda Valencia, na baiskeli inapanda bure kama kuna nafasi. Ukichoka mapema, treni hizo zinaanzia Caudiel na kupita Segorbe, ila ni chache, tazama ratiba kabla hujaamua kuchoka. Ukiwa na nguvu bado, nenda hadi Puçol, ushike Vía Xurra, reli nyingine ya zamani, kilomita 15 hivi tambarare mpaka Valencia katikati ya mashamba ya mboga.

Kabla ya kuingiza baiskeli ndani, kagua matairi na soli za viatu. Mbigili ya kumi na tatu niliikuta kwenye zulia siku tatu baadaye, kwa kisigino.