Begi Lako na Jina Lako Katika Uwanja wa Ndege wa Ugenini

Abiria anayeondoka Nairobi amezoea ukaguzi unaoanza mapema: hajalikaribia jengo la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, tayari ameshuka garini ili akaguliwe. Asidhani kwamba ndivyo ilivyo kila mahali. Katika viwanja vingi vya Ulaya, mtu yeyote huingia ukumbi wa kaunta bila kupekuliwa, na ni katika ukumbi wa namna hiyo ambapo washambuliaji walilipua mabomu mjini Brussels tarehe 22 Machi 2016. Kwa hiyo usikawie hapo ukipiga soga. Kabidhi mzigo, pita kwenye ukaguzi, kisha upumzike ndani.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, msafiri wa kawaida ana sababu kubwa zaidi ya kuhofia begi kuliko bomu. Mwaka 2023, wanawake wawili wa Brazil walikamatwa Frankfurt kwa sababu lebo za mabegi yao zilikuwa zimebanduliwa katika uwanja wa Guarulhos, São Paulo, na kubandikwa kwenye mabegi yenye kokeini. Walikaa mahabusu siku 38, ilhali hawakuwa na kosa lolote.

Anza kujilinda ukiwa nyumbani. Ukishapanga vitu, lipige begi picha, ndani na nje, kisha ufunge kipande cha kitenge kwenye mpini. Kwenye kaunta, lipige picha tena likiwa juu ya mizani, lebo ikionekana vizuri, na ulinganishe namba ya lebo na ile ya kipande unachopewa. Tazama pia herufi tatu kubwa za uwanja unakokwenda, kwa mfano NBO unaporudi Nairobi. Kipande hicho kidogo, ambacho wengi hukitupa hata kabla ya kupanda ndege, ukihifadhi mpaka ufike na kulifungua begi lako.

Vifurushi vya watu vinahitaji ujasiri. Si rahisi kumkatalia shangazi anayetaka umpelekee binamu yako majani ya chai na unga, nami simwambii mtu awe mkavu kwa jamaa zake. Mwombe tu avilete vikiwa wazi, uvipange kwa mikono yako mwenyewe, na usipokee kitu kilichokwisha kushonwa au kufungwa kwa gundi. Usiyemjua, mkatalie kabisa, hata akiwa mama mwenye mtoto mgongoni. Nchini Singapore, kukamatwa ukisafirisha zaidi ya gramu 15 za heroini kunaweza kukufikisha kwenye kitanzi.

Kwenye mashine ya ukaguzi, usisukume trei yenye simu na pochi mpaka zamu yako ya kupita iwe imefika, maana vitu vikitangulia, vitakungoja upande wa pili bila mwenyewe. Akija mtu asiye na sare akajiita polisi na kudai pasipoti au fedha, mwambie kwa adabu kwamba utamfuata hadi kwenye dawati la polisi uwanjani. Begi lisilo na mwenyewe usiliguse. Ondoka hapo na umwarifu mfanyakazi.

Namba ya ubalozi wa Kenya katika nchi unayokwenda iandike kwenye karatasi, uiweke mfukoni, kwa kuwa simu ndiyo huibiwa kwanza.