Gari ya zamani haina moto? Usinunue koili kabla hujapima waya

Hii ni kwa wenye gari za distributa ya pointi (vile vipande viwili vya chuma ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana kukata umeme wa koili): Corolla DX, Datsun 1200, Peugeot 504, Land Rover za Series na nyingine za umri huo. Juzi nimemsaidia jamaa mwenye DX, alishabadilisha koili (ile inayopandisha umeme wa betri uweze kutoa moto kwenye plagi), kondensa na plagi zote, gari bado inazimika njiani. Ubovu ulikuwa kwenye waya, na hela ya koili ndio imeshaenda.

Hatua ya 1: Betri na eathi. Betri iliyopumzika isome volti 12.4 kwenda juu. Safisha vichwa, kaza eathi ya bodi na ya injini.

Hatua ya 2: Angalia moto, yaani cheche ya umeme. Chomoa waya mnene wa katikati ya distributa, ushike kwa koleo yenye mpira, ncha ikae kama milimita 6 kutoka chuma cha injini, mwenzako apige stata. Hakikisha hakuna petroli inayovuja hapo. Moto wa bluu unaolia, nenda kaangalie kofia, rota na waya za plagi. Moto mwekundu dhaifu au hakuna kabisa, endelea.

Hatua ya 3: Pima umeme wa koili ukiwa na mzigo. Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Unawasha ufunguo, unaweka mita kwenye chanya ya koili, inasoma 12, unasema waya mzima. Sio kweli. Kama pointi zimeachana hakuna umeme unaopita kwenye koili, na waya uliobaki uzi mmoja tu ndani ya mpira wake bado utakuonyesha 12 ile ile. Lazima umeme uwe unatembea ndio mita iseme kweli. Kwa hiyo ufunguo ukiwa ON chukua kipande cha waya, unganisha HASI ya koili (upande unaoenda distributa) na bodi, halafu pima chanya upya. Fanya haraka, koili inachemka, na usije ukaunganisha chanya na bodi maana unaunguza nyaya mpaka za kwenye dashibodi. Ukiutoa huo waya koili inaweza kurusha moto, kwa hiyo usiguse ule waya mnene.

Zikipungua kwa chini ya nusu volti (0.5) kulinganisha na betri, waya ni mzima. Zikishuka mpaka 8 au 7 usikimbilie kukata waya, kuna gari zina rezista ya koili, kile kipande cheupe cha udongo karibu na koili au waya maalum uliofichwa ndani ya fungu la nyaya, na kwa hizo 6 mpaka 9 ni kawaida kabisa. Pima kabla ya rezista, hapo ndio inatakiwa iwe karibu sawa na betri.

Haiko sawa? Rudi nyuma na mita taratibu, soketi baada ya soketi, fyuzi, mpaka nyuma ya swichi ya ufunguo. Pale volti zinapopanda ghafla, ubovu uko kati ya hapo na ulipotoka kupima. Kwenye ile DX ilikuwa soketi ya swichi, plastiki imegeuka kahawia, pini moja imelegea na ina unga wa kijani. Kama huna mita, balbu ya indiketa ya wati 21 inatosha, na mimi naipenda kuliko mita za bei rahisi kwa sababu yenyewe ndio mzigo. Testa ya LED achana nayo, inawaka hata kwa umeme kiduchu.

Hatua ya 4: Inawaka ukipiga stata, ukiachia ufunguo inazima. Rezista imeungua au swichi imekufa upande wa ON, maana wakati wa stata koili inapata umeme kwa njia nyingine. Usiiruke rezista moja kwa moja kama wengi wanavyofanya, pointi zitaungua na koili itafuata.

Hatua ya 5: Inakata ukikanyaga mafuta. Fungua distributa, vuta polepole ule waya mdogo laini unaoenda kwenye pointi. Ukivutika kama mpira, nyuzi zimeshakatika ndani. Weka mwingine laini hivyo hivyo, waya mgumu wa nyumbani utakatika tena kwa sababu sahani ya pointi inacheza muda wote.