Namna ya Kumsikiliza Ana kwa Ana Mwimbaji wa Taarab Umpendaye

Anayemjua mwimbaji wake wa taarab kwa redio na simu peke yake bado hajamsikia sawasawa. Wimbo unaorushwa hewani mara nyingi umefupishwa ili utoshe nafasi uliyopewa, na jambo hilo halikuanza leo: Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba takriban dakika tatu tu. Ukumbini wimbo mmoja waweza kupita dakika kumi, kwa kuwa ala hutangulia, beti hurudiwa pale wasikilizaji wanapoonesha kuwa zimewagusa, na watu hunyanyuka vitini kwenda kumtunza mwimbaji kwa fedha huku wanamuziki wakiwasubiri. Maelezo haya ni kwa yule aliyekwisha kuamua kwenda, Unguja au Dar es Salaam, na anayetaka usiku huo umfae.

Anza kwa kujua mwimbaji wako yuko upande gani wa muziki huu, maana maandalizi hutegemea hilo. Taarab asilia, inayopigwa na vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanza mwaka 1958, hutumia ala kama udi na kanuni, zote za nyuzi za kudonolewa, fidla, nai ambayo ni filimbi, kodiani, na ngoma ndogo za dumbaki na rika, na wasikilizaji wake hukaa vitini wakafuatilia maneno. Taarab ya kisasa, iliyoshika kasi miaka ya 1990 kwa makundi kama East African Melody na TOT (Tanzania One Theatre), hutegemea kinanda cha umeme na magitaa, na hapo watu hucheza tangu wimbo wa kwanza. Wapo waimbaji waliozipitia zote mbili. Khadija Kopa aliimba Culture kabla ya kuhamia TOT, na anayemsikiliza kwa makini husikia mafunzo ya taarab asilia katika namna anavyolitamka kila neno likafika mwisho wa ukumbi.

Halafu itazame kalenda. Mwezi wa Ramadhani maonesho ya taarab husimama, hivyo usipange safari wakati huo. Siku zinazoutangulia hujaa maonesho ya kuvunja jungu, na baada ya mfungo huja maonesho ya Idi Mosi na Idi Pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko yote ya mwaka, kwa sababu waimbaji hutoka na nyimbo mpya na watu huja wakiwa na nguo mpya na nyoyo zilizofunguka. Mgeni anayetaka kuwasikia wasanii wengi kwa safari moja aifikirie Februari, mwezi wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya kuta za Ngome Kongwe, mjini Zanzibar. Tamasha hilo lina sifa ya kutaka muziki upigwe moja kwa moja jukwaani, na kwa mpenzi wa taarab hilo si jambo dogo.

Kabla hujalipa kiingilio, thibitisha mambo mawili. La kwanza ni kama mwimbaji mwenyewe atakuwepo, kwa kuwa waimbaji huhama kutoka kundi moja kwenda jingine, na picha iliyo kwenye tangazo huenda ni ya mwaka juzi. La pili ni kama wataimba laivu au kwa pleibeki, yaani juu ya muziki uliorekodiwa. Piga simu ukumbini au kwa kiongozi wa kundi, uliza waziwazi, na usione haya. Swali hilo ni la kawaida na mwenye kundi zima la wanamuziki hulijibu kwa fahari. Kuhusu kiti, usikimbilie cha mbele kabisa karibu na spika. Tafuta kilicho ukingoni mwa njia, safu ya tatu au ya nne, ambapo unaliona jukwaa lote na unaweza kunyanyuka bila kuyakanyaga magoti ya wenzako.

Siku chache kabla ya onesho, jifunze maneno ya nyimbo mbili au tatu unazotarajia kuzisikia. Beti za taarab mara nyingi zina mistari mitatu, kila mstari una vipande viwili vinavyopimana kwa mizani, kisha hufuata kiitikio kinachopokewa na waitikiaji. Ukiujua mpangilio huo utajua ubeti unaisha wapi, ala zinaingia wapi, na wakati gani si adabu kuzungumza na aliye kando yako. Yasikilize zaidi maneno ya beti za mwisho, kwa sababu mtunzi hodari huanza kwa fumbo, akataja ua, chombo au ndege, na akaliacha jambo lenyewe hadi karibu na tamati. Katika taarab asilia onesho huenda likafunguliwa kwa bashraf, yaani muziki wa ala bila mwimbaji, na wapo wanaoutumia muda huo kupiga soga wakidhani onesho halijaanza. Watakosa kitu kizuri: hapo ndipo utaisikia fidla na kanuni zikijibizana pasipo sauti ya mtu juu yake, na sikio lako litazoea ala kabla maneno hayajaja.

Sasa tufike kwenye kutunza, jambo ambalo wengi wanaokwenda mara ya kwanza hawaelezwi. Kutunza ni kumpelekea mwimbaji fedha akiwa katikati ya wimbo, mbele ya watu wote, na ni sehemu ya onesho lenyewe kama zilivyo ala. Vunja fedha zako mapema mchana, upate noti za elfu moja na elfu mbili zilizonyooka, kwa sababu mlangoni chenji ni shida na ukumbini hutapata wa kukuvunjia. Ni heri kwenda mara tano na elfu moja kila mara kuliko kwenda mara moja na elfu tano. Kila safari ni salamu mpya, na kila salamu inaambatana na ubeti wake. Ubeti uliokugusa ukiimbwa, nyanyuka bila pupa, ishike noti juu ionekane, tembea kwa mdundo wa wimbo, umpe mwimbaji mkononi, kisha geuka urudi. Usimzuie mwimbaji kuonekana, usisimame kati yake na mpiga udi, na usimrushie fedha chini.

Mtazame mwanamama mzoefu anavyofanya. Mstari wa kwanza unapoimbwa hukaa kimya, kidole kikigonga mkono wa kiti. Wa pili ukija hufungua pochi bila kuitazama. Wa tatu unapomalizika tayari yuko njiani, kanga begani, noti ikipepea kati ya vidole viwili, na hufika mbele ya jukwaa palepale kiitikio kinapoanza, hivyo mwimbaji anaipokea noti akiwa na nafasi ya kutabasamu bila kupoteza neno.

Ubeti unaouchagua huzungumza kwa niaba yako, na hapa inatakiwa tahadhari. Ukinyanyuka kwenye ubeti wa mapenzi ukamtupia jicho mwenzi wako, umemwambia unampenda mbele ya ukumbi mzima. Ukinyanyuka kwenye kijembe kinachomhusu jirani mfitini, wanaokufahamu watageuka kutafuta jirani huyo amekaa wapi, hata kama wewe ulivutiwa na sauti tu. Taarab ya kisasa, yenye mipasho ya wazi, imeshawahi kuzua ugomvi ukumbini kwa njia hiyo. Asiye na ujumbe wa kumpelekea mtu ni salama atunze ala zinapopigwa peke yake, au kwenye nyimbo za kusifu. Simu nayo iweke kwenye mkoba wakati wa kutunza. Noti mkono mmoja na kamera mkono wa pili humfanya mwimbaji akose kukuona uso, na uso ndio anaoutafuta.

Mavazi hayana mengi ya kuelezwa: vaa kilicho kizuri. Wanawake wengi huja na dera au gauni la kitambaa kizuri, hina na manukato ya udi, na mwanamume aliyevaa shati safi au kanzu hatajiona mgeni.

Muda unahitaji subira. Tangazo likisema saa mbili usiku, mwimbaji mkuu huenda akapanda saa tano au baada yake, kwani waimbaji wadogo hutangulia. Kula kabla ya kwenda. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Unguja afahamu kwamba boti ya mwendo kasi huchukua karibu saa mbili na haitamngoja usiku wa manane, kwa hiyo atafute mahali pa kulala mapema, hasa siku za sikukuu. Aliyeko Dar es Salaam apatane na dereva wa kurudi naye kabla hajaingia ukumbini, kwa kuwa onesho linapokwisha watu wote hutafuta usafiri kwa wakati mmoja.

Ukitaka wimbo fulani, andika jina lake kwenye kikaratasi umpe mshereheshaji mapema, kabla kundi halijapanga zitakazofuata. Kupiga kelele ukitaja wimbo katikati ya mwingine ni kumvunjia heshima anayeimba. Baada ya onesho, ukiwa na hamu ya kumsalimia, pitia kwa kiongozi wa kundi na umwache mwimbaji anywe maji kwanza. Akiwa amekuzidi umri, anza na shikamoo. Omba ruhusa ya picha kabla ya kutoa simu, na badala ya kumwambia tu kwamba anaimba vizuri, mtajie ubeti uliokunyanyua kitini, maana huo ndio atakaoukumbuka atakapopanga nyimbo za onesho lijalo.