Kabla hujakubali kudungwa sindano ya shingo na bega

Miaka 14 nasuka nywele Kenyatta Market, mikono juu kutoka asubuhi mpaka saa mbili usiku, na Desemba kichwa kimoja kinaweza kula saa sita, kwa hivyo maumivu ya shingo na mabega mi sihadithiwi. Hii naandikia wewe ambaye umeambiwa "tukudunge tu sindano" na hujui useme ndio ama ungoje kidogo. Mi si daktari, mi nimedungwa tu, na nimeuliza maswali mpaka fizio wangu, yule wa mazoezi ya viungo, akaniambia, "Mama, wewe ungesoma hii kazi."

Kitu ya kwanza ujue ni sindano gani wanaongelea, ju hilo neno ni moja lakini vitu ni vingi. Ile wengi wetu tunaijua ni ya duka la dawa, unaingia umepinda shingo, unaambiwa geuka, unadungwa kwa makalio na baada ya muda kidogo unajiona umepona unarudi kazini. Hio mara nyingi ni diklofenaki, dawa ya maumivu ya mwili mzima, haijui hata kama una bega. Mi nilikua mteja wake kabisa, karibu kila mwezi, mpaka tumbo likaanza kuchoma ndio nikaambiwa inaweza kuleta vidonda vya tumbo, inapandisha presha na kusumbua figo. Kama uko na presha, figo ama vidonda, sema kabla hawajavuta dawa kwa sirinji, usingoje kuulizwa ju pengine hawatauliza. Na ile "ya vitamini" wanakuongezea juu yake, kama mwili haujapungukiwa na hio vitamini unalipia tu rangi nyekundu ya dawa.

Sasa zile za msuli wenyewe ni kitu ingine. Hapo daktari anakupapasa huo msuli mpana unaotoka shingoni ukashuka begani, anatafuta fundo, na akilifikia utajua ju unaruka kwa kiti, na uchungu mara nyingi haukai hapo, unakimbia. Yangu ilikua inapanda nyuma ya sikio mpaka kwa kipaji upande wa kulia, miaka miwili nikimeza Panadol nikidhani ni kichwa kumbe ni bega. Kwa hilo fundo wanaweza kuweka dawa ya ganzi kidogo, lignokaini, ama ganzi na steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ama Botox, dawa ya kulegeza msuli, ama wasiweke kitu, sindano nyembamba tupu inaingia na kutoka. Hio ya mwisho wanaiita sindano kavu na mi nilidhani ni ujanja wa kuuza hewa, mpaka nikaelezwa kwamba daktari mmoja wa Chekoslovakia, Karel Lewit, aliandika mwaka 1979 kwamba sindano yenyewe ikigonga penyewe maumivu yanaweza kushuka hata bila dawa. Ganzi basi inasaidia zaidi usisikie ule uchungu wa kuchokorwa.

Steroidi ndio nakuomba uulize swali. Kwa kiungo kilichovimba ina kazi yake, lakini kwa fundo la msuli haijaonekana kuongeza kitu kikubwa juu ya ganzi peke yake, na ina gharama: kama una kisukari, sukari inaweza kupanda siku kadhaa, na pale palipodungwa ngozi inaweza kufifia rangi ama kubonyea, na kwa ngozi yetu nyeusi hilo doa linaonekana. Botox nayo ni ghali na watu wanaitaja kama ndio mwisho wa maneno. Marekani waliipitisha mwaka 2000 kwa ugonjwa wa shingo kujipinda yenyewe na mwaka 2010 kwa kipandauso sugu, si kwa haya mafundo yetu ya kazi, na majaribio kwa mafundo yametoa majibu ya kuchanganya, mengine ndio mengine hapana. Mtu akikupigia hesabu ya Botox kama kitu ya kwanza kabla hata hajakushika bega, mimi ningebeba kibeti changu niondoke.

Alafu kuna sindano za karibu na uti wa mgongo. Usichanganye. Hizo ni za neva ama viungo vya shingo, zinafanywa na mtaalamu akiangalia kwa mashine, na hatari yake ni ya kiwango kingine.

Lakini hata kabla ya hayo yote, hakikisha ni msuli kweli. Kama mkono unakufa ganzi mpaka vidoleni ama mkono umeanza kuachilia vikombe, hapo neva inaguswa na sindano ya msuli haitaifikia. Kama bega halipandi hata mtu mwingine akikuinulia mkono, pengine ni kiungo kimeganda, na hio inapenda sana watu wa sukari. Homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, waangalie TB ya mifupa kwanza, si mambo ya kuficha. Kutembea kama mlevi ama mkojo kukataa kutii, nenda hospitali leo. Na maumivu ya bega la kushoto pamoja na kifua kubana ukipanda ngazi, hio inaweza kuwa moyo, usimpelekee mtu wa masaji.

Ukishajua ni msuli, muulize huyo anayetaka kukudunga: ni dawa gani na kiasi gani, amedunga shingo za watu wangapi, na tukimaliza nitafanya mazoezi gani. Hilo la tatu ndilo la kumpima. Jina lake litafute kwa orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari, kwa mtandao uone kama leseni ni ya mwaka huu, hakuna aibu, hata fundi wa simu tunamuuliza anatoka wapi. Kama unatumia SHA, bima ya afya ya serikali, ama bima ya kazini uliza kabla, kwa maandishi, inalipa nini, na uliza bei nzima pamoja na kumuona daktari na kurudi. Mwambie kama unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama una mimba, kama ganzi ya daktari wa meno iliwahi kukusumbua.

Mi naona sindano ni kama Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Inakupea ya leo, na ni halali, kuna siku bila Fuliza hufiki nyumbani, lakini deni liko. Mi nilipata kama wiki tatu shingo inageuka vizuri, na mara ya kwanza nikazitumia kusuka zaidi, nikachukua wateja wote wa harusi, mwezi haukuisha nikarudi pale pale. Mara ya pili fizio aliniwekea mazoezi ya kurudisha mabega nyuma na kuvuta lastiki, dakika kumi asubuhi na jioni, nikanunua kiti cha kushusha mteja chini ili mimi nisimame bila kuinua viwiko, na nikaanza kupumzika kila baada ya saa moja, wateja wananung'unika lakini wanangoja. Hio kiti imenisaidia kuliko sindano zote mbili, nasema ukweli.

Siku yenyewe kula kwanza, ju kuna watu wanazimia wakiona sindano, na vaa top ya mikono wazi. Usiende na boda kurudi kama bega limekufa ganzi. Siku moja mbili utauma kama umebeba gunia la viazi, hio ni kawaida, weka kitambaa cha moto, songesha shingo polepole. Kitu si kawaida ni kukosa pumzi ama kifua kuchoma ukivuta hewa, hata kama ni masaa baadaye na ulishafika Rongai, ju juu ya bega mapafu hayako mbali na sindano inaweza kuyagusa. Hapo unageuza gari unaenda emajensi, usiku huo huo. Pia pakivimba na kuwa moto na homa ije, rudi.

Andika kwa simu maumivu ni ngapi kwa kumi kila jioni, na ni nini ulifanya siku hio. Ukidungwa mara mbili ama tatu na hizo namba hazijashuka, usikubali ya nne, rudi uanze na swali la kama ni msuli kweli.