Je, Gari Lako Linahitaji Kupozewa Breki? Somo kwa Wanaoendesha Kwenye Uwanja wa Mbio

Dereva ambaye pedali ya breki imemzamia mguuni akikaribia kona kali huwaza jambo moja tu: kutoboa bampa na kupitisha mipira ya kuleta upepo kwenye diski. Nami niliwaza hivyohivyo. Nililala chini ya gari siku mbili nikifunga mipira, na niliporudi uwanjani pedali ikazama vilevile, kwa sababu mafuta ya breki yalikuwa na miaka mitatu bila kubadilishwa. Ndiyo maana katika somo hili upepo unakuja mwisho.

Hatua ya 1: Tambua breki zinashindwaje. Ikiwa pedali inalainika na kwenda chini, mafuta yamechemka ndani ya kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) na kutoa viputo vya mvuke. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei, hivyo nguvu ya mguu inapotea njiani. Ikiwa pedali ni ngumu kama kawaida lakini gari halikamati, pedi zimepita kiwango cha joto zinachoweza kuhimili. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na asiyeyatenganisha atanunua dawa isiyo yake.

Hatua ya 2: Maliza mafuta na pedi kwanza. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 ni kuchemka kwenye nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155. Kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Badilisha mafuta, toa upepo wote kwenye mfumo, kisha funga pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mbio na uzizoeshe diski kama mtengenezaji anavyoelekeza. Magari mengi mepesi humalizia matibabu yao hapa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya joto. Gari la kilo 1,500 linaloshushwa kutoka kilomita 180 kwa saa hadi 90 humwaga takriban megajuli 1.4 za nishati. Tukichukulia kwamba asilimia 70 inamezwa na diski mbili za mbele zenye kilo 8 kila moja, kila diski hupanda karibu nyuzi 130 kwa kukanyaga breki mara moja tu. Gari hilohilo likishushwa kutoka 90 hadi 45, joto ni robo ya hilo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza gari lako lina nguvu kiasi gani, uliza unafika kona kwa mwendo gani, na kama kabla ya kona inayofuata kuna nafasi ya diski kupoa.

Hatua ya 4: Pima. Paka rangi za joto kwenye ukingo wa nje wa diski. Seti ya kawaida ina rangi tatu zinazobadilika kwenye takriban nyuzi 430, 560 na 610. Kwenye kalipa bandika stika za joto, ambazo hubaki zikionyesha kiwango cha juu kilichofikiwa. Kipimajoto cha miale si cha kutegemewa sana, kwani hadi uegeshe gari diski imekwisha kupoa, tena uso wake unaong'aa hukidanganya.

Hatua ya 5: Amua. Ikiwa rangi ya kwanza pekee ndiyo iliyobadilika, acha bampa yako salama. Ikiwa ya tatu imebadilika, pedi zinaisha kwa siku moja na diski zinapasuka nyufa, basi upepo unahitajika, au diski kubwa zaidi. Rangi ya kati ndiyo yenye ubishi: linganisha na kikomo cha pedi zako, na ukiwa chini yake kwa mbali, punguza tu idadi ya mizunguko mfululizo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, kuling'oa bati lililo nyuma ya diski kunatosha?*

Mara nyingine kunatosha, na hakuna gharama. Hata hivyo, bati hilo hukinga mipira inayofunika boljointi na tairodi (viungio vya gurudumu na usukani) dhidi ya joto la diski, kwa hiyo baada ya kuling'oa uikague kila unapotoka uwanjani.

*Mpira wa upepo uelekezwe wapi hasa?*

Katikati ya diski, upande wa ndani. Diski yenye njia za hewa kati ya nyuso zake mbili hufanya kazi kama feni: huvuta hewa kutoka katikati na kuitupa nje. Ukiupulizia uso mmoja peke yake, upande mmoja unapoa na mwingine unabaki moto. Kabla ya kukaza vibano, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili uone kama tairi inaugusa mpira.

*Ndugu mwalimu, kwangu pedi za nyuma ndizo zinazoisha haraka kuliko za mbele. Nazo nizipelekee upepo?*

Bado, ndugu yangu. Mfumo wa kudhibiti mtelezo hukamata breki za nyuma wenyewe gari linapokuwa kwenye kona, bila wewe kukanyaga chochote. Kama gari lako lina hali ya uwanjani inayoulegeza mfumo huo bila kuuzima kabisa, endesha kipindi kimoja ukiwa umeiwasha, kisha pima tena unene wa pedi na uangalie rangi za diski za nyuma.